Siagi ya Mama katika Magurudumu ya Papa Valens

Mwaka mmoja umekwisha kuzunguka, Papa Valens, tangu ulipokata roho juu ya mkeka katika darasa la shule pale Sake, madawati yamesukumwa ukutani na familia nne zikianika nguo kwenye ubao mmoja. Ulikuwa mwezi wa kumi. Maharage yetu kijijini Kingi yalikuwa yanachanua na hakukuwa na mtu wa kuyapalilia. Tumechelewa kukuandikia, utusamehe. Mwaka huu kila jambo tumelifanya kwa kuchelewa, hata kulia.

Anayeshika kalamu ni Kayitesi, binti yako, lakini maneno ni ya nyumba nzima, na mengi ni ya Mama Epiphanie, mke wako, uliyezoea kumwita Mama Prince kwa jina la mtoto wenu wa kwanza. Yeye hakutaka tuandike. Alisema, "Marehemu hasomi makaratasi ya parokia. Muache bantu bapumuke." Kisha akaja kukaa karibu na kalamu, na kila tulipokosea akasahihisha.

Kwa wasiokujua: ulikuwa mkulima wa maharage na mihogo kama kila mtu wa mlima huu, na jembe likishatundikwa alasiri ulikuwa fundi wa baiskeli za aina moja tu. Ni zile ndogo za magurudumu mafupi, zilizotungwa Ulaya zamani kwa ajili ya akina mama kwenda dukani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoshuka katikati. Huku kwetu baiskeli ni kinga, kwa hiyo hizo zikaitwa tukinga, na moja ni kakinga. Zililetwa na masista miaka ile. Masista walipozeeka na kurudi kwao, saba zilibaki katika banda la parokia, na kuku wakawa wanatagia vikapuni.

Ulipokwenda kuziomba, watu walikucheka mpaka wakashika mbavu. Ndugu yako Athanase ndiye aliyecheka kuliko wote. "Valens, hiyo ni kinga ya batoto. Utaenda nayo wapi, ku komunio ya kwanza?" Ulizisukuma moja moja mpaka nyumbani, mayai yakiwa bado ndani, na mayai ukamrudishia padri.

Ulikuwa umeona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mwanamke aliyevaa kitenge hawezi kurusha mguu juu ya baiskeli ya kiume, na chukudu, ule mti wetu wa magurudumu mawili, unamtaka mtu mwenye kifua. Lakini juu ya fremu iliyoshuka anakaa bila kumuaibisha mtu, na mzigo wake unakaa mbele yake ambapo anauona. Ulisema hivyo kwa Mama, naye akakuambia kwamba milima ya Masisi haikutungwa kwa ajili ya kwenda dukani. Hapo ndipo mlipoanza kubishana, na mkabishana miaka thelathini na moja.

Mama alikuwa na haki. Ile ya kwanza ilipanda mita hamsini ikagoma. Ikabidi uzibadilishe. Meno ya mbele ukayapunguza ili miguu isichoke haraka. Bomba la kiti ukalirefusha kwa bomba la maji. Nyuma ukafunga chuma cha nondo cha kubebea gunia, na breki ukaiba kwenye chukudu: kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa kisigino mlima ukianza kukuvuta. Breki za Ulaya ulizisifu kwa adabu kisha ukazitundika ukutani.

Nyingine zilikuwa na bawaba katikati, zinakunjika. Hukuielewa ile bawaba kazi yake mpaka siku Sebarenzi, katekista wetu, aliposhuka nayo kwenda kusalisha ng'ambo ya bonde. Ilifunguka kwenye mteremko, akakunjwa pamoja na kitabu cha nyimbo. Alifika kanisani na mchanga mdomoni, akasalisha hivyo hivyo. Tangu siku hiyo bawaba zote ulizichomelea, na Sebarenzi anasema mpaka leo kwamba ule ulikuwa ubatizo wake wa pili.

Sasa tuseme habari ya siagi, kwa kuwa bila siagi hii kumbukumbu haina maana.

Mafuta ya gari yalikuwa hayafiki Kingi, na yalipofika yalikuwa ya watu wenye gari. Ng'ombe tulikuwa naye. Basi kakinga ya kwanza ulipoifungua kitovu cha gurudumu na kukuta gololi zimekauka, uliingia jikoni Mama akiwa shambani, ukachota siagi kwenye kibuyu, ukapaka gololi zote, ukafunga. Gurudumu likazunguka kimya, ukaita majirani waje kusikiliza ule ukimya. Baiskeli ukampa Sista Mukasine, yule wa mwisho aliyebaki. Miezi mitatu baadaye aliirudisha ikilia vibaya. Ulipofungua, gololi zilikuwa zimeliwa na kutu, na ndani kulikuwa na uji mwekundu. Ile siagi ilikuwa ya mezani, Mama alikwisha kuitia chumvi.

Fundi wa mahali pengine popote asingekosea hivyo. Ni sisi tu, watu wa ng'ombe na milima, tunaoweza kumlisha sista kutu kwa siagi nzuri. Mama alikaa kwenye kizingiti akacheka mpaka machozi, na hilo kosa hukulisahau kwa sababu hakukuruhusu. Toka hapo siagi ya kazi akaitengeneza yeye mwenyewe. Aliiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa, akaichanganya na nta ya nyuki ili isioze upesi, akaiweka kwenye chupa ya pembeni. Na wewe kila mara kabla ya kuchovya ulionja kwa ncha ya ulimi na kuuliza kwa sauti ya mtu wa mahakamani, "Mama Prince, hii iko na chumvi?"

Naye akiwa popote, kisimani au kwenye maharage, alijibu, "Haiko na chumvi, Papa Prince."

Mazoea yana taabu. Ulianza kuuliza hata mezani. Uliuliza juu ya ugali, juu ya sombe ya majani ya mihogo, juu ya maji ya kunywa. Siku ya harusi ya Kayitesi uliuliza juu ya keki mbele ya wakwe, nasi tukatamani ardhi ipasuke. Mbwa wa Kingi walikuwa wanafuata baiskeli zako barabarani wakizilamba vitovu, na mtu akiona kakinga inapita na mbwa watatu nyuma alijua imetoka kwako. Sisi watoto tuliona aibu wakati ule. Leo tungefurahi kuwaona hao mbwa.

Kazi yako ilikuwa polepole, Papa, lazima tuseme. Mtu alileta baiskeli wakati wa kupanda akaichukua wakati wa kuvuna. Ulipojenga gurudumu upya, Mama alikaa mbele yako kwenye kigoda na spoki kwenye mapaja, akikupa moja moja, nawe ukisema, "Ya ndani. Ya inje. Ya ndani." Ukimaliza uligonga kila spoki kwa kucha na kusikiliza. Wewe sikio lako la kulia lilikuwa limekufa tangu utoto, hukupenda watu wajue. Kwa hiyo ulikuwa unagonga, na Mama akisikia sauti ya uongo alikuwa anainua kidole kidogo tu, bila neno. Wateja walikusifu kwa sikio lako. Mama hakuwahi kuwasahihisha.

Ya mwisho uliyoifungua ilikuwa ya Geneviève. Huyu ni mkunga wa Pinga, kule juu Walikale, ambako barabara ni ya pikipiki na siku nyingine hata pikipiki inakataa. Alikuwa na kakinga ya kijani iliyoachwa na nesi wa zamani, na kwa hiyo alikuwa anafikia wazazi wa vijiji sita. Gurudumu la nyuma lilipokufa, alilisafirisha pamoja na baiskeli nzima mgongoni mwa pikipiki siku mbili mpaka Kingi, kwa kuwa alisikia kuna mzee anayezifufua. Ulimwambia arudi baada ya wiki tatu. Yeye, ingawa hakukujua, akakuamini.

Ulivunja lile gurudumu lote. Spoki zake ishirini na nane ulizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kitovu ukakifunga katika kitambaa. Halafu milio ya risasi ikaanza upande wa barabara.

Tulishakimbia mara tatu kabla ya hapo, tulijua cha kubeba. Lakini wewe hukubeba sufuria. Ulichimba shimo chini ya kibanda cha maharage, ukashusha baiskeli ya Geneviève, kopo la spoki, chupa ya siagi na sanduku lako la spana, ukafunika kwa hema la plastiki na udongo. Athanase alikupigia kelele kwamba watu wanakufa na wewe unazika vyuma. Ukamwambia, "Hii haiko yangu, ni ya muntu." Mama alisimama njiani na furushi kichwani akikungoja, na mvua ilikuwa inamnyeshea. Alikuwa amekasirika. Anasema tuandike hivyo, kwamba alikuwa amekasirika.

Kikohozi ulikipata kwenye hiyo mvua, au kilikuwamo siku nyingi na mvua ilikiita tu. Pale Sake ulikaa siku kumi na moja. Siku ya mwisho Mama alipanga mstari tangu asubuhi akapata kikombe cha uji, akakuletea, akakuinua kichwa. Alikuwa hajalala siku tatu. Ulionja kwa ncha ya ulimi. Ukauliza, kwa sauti ambayo ilikuwa upepo tu, "Mama Prince, hii iko na chumvi?"

Yeye hakujibu. Alikuwa amechoka, Papa. Alisema moyoni kwamba huu si wakati wa mchezo, akakufuta kidevu, akainuka kutafuta maji. Aliporudi na maji ulikuwa umekwisha kwenda.

Hayo hakumwambia mtu. Tumeyajua wiki mbili zilizopita.

Tulikuzika Sake. Desturi yetu unaijua kuliko sisi: mtu akifa, vyombo vyake vya kazi vinalala. Jembe lake haligusi udongo, nyundo yake haigongi, mpaka familia ikae pamoja siku ya kuondoa kilio, mkubwa achukue chombo na kukitia mkononi mwa yule atakayekiendeleza. Kisipoamshwa hivyo, ni chuma cha marehemu, na mtu hakishiki. Lakini siku ya tatu baada ya mazishi tulihama tena, tukafuata barabara ya Minova na umati. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyeondoa kilio. Tuliporudi Kingi mwezi wa pili tulikuta nyumba haina mabati, na ng'ombe hatukumkuta. Kibanda cha maharage kilikuwa kimesimama. Chini yake vyombo vyako vimelala, na juu yake Mama akawa anapita kila siku na kapu bila kuangalia chini.

Tumemwona Mama akilima mwaka huu mzima. Analima kama mtu anayelipa adhabu. Ukimwambia pumzika anasema ndiyo, kisha anaendelea. Hakuwahi kulia mbele yetu, na siagi hakuigusa tena. Hata mboga alianza kuzipika kwa mawese. Sisi tulidhani ni kwa sababu ya ng'ombe.

Athanase alisema mwaka ukitimia tuondoe kilio na kumaliza maneno. Prince, ambaye ndiye angepokea spana zako, yuko Walikale kwenye machimbo. Simu yake ilipopatikana alisema dakika moja tu: "Mimi sitarudilia hiyo kazi. Mupatie muntu mwenye anaijua. Na mumusalimie mama." Kwa hiyo Athanase akapanga vyombo vyako apewe Michel, fundi wa pikipiki wa Sake, na zile fremu sita za zamani zilizobaki nyuma ya kibanda zikatwe chuma. Usimlaumu ndugu yako. Naye amechoka, mgongo wake umekwisha, na hataki kuona kitu chochote kinachomkumbusha kwamba alikucheka.

Mama aliulizwa. Alisema, "Mufanye vile munataka."

Basi Jumanne, wiki mbili zilizopita, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba, akashuka mwanamke mwembamba aliyejaa matope mpaka kiunoni. Alikuwa Geneviève. Alisikia habari za kifo chako tangu mwezi wa tatu, akaona si heshima kuja kudai baiskeli kwa watu wenye msiba. Alingoja mwaka upite. Alikuja na gunia tupu.

"Mama, ukuwe na pole," alimwambia Mama. "Sikuje kugombana. Nilikuja kukamata kinga yangu vile iko. Nitatia vipande mu gunia, nitatafuta muntu wa kuunga."

"Kule Pinga iko muntu wa kuunga?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Sasa utaunga na nani?"

Geneviève aliangalia miguu yake. "Sijue. Lakini kutembea kumenishinda. Mwezi wa tano waliniita ku muntu wa mbali. Nilitembea tangu asubuhi. Nilifika, nilikuta wamekwisha kumufunika, yeye na mutoto. Na kinga yangu ningefika saa sita."

Hakusema kwa kulaumu, ndiyo maana iliuma. Mama alisimama akaingia jikoni, nasi tukadhani amekwenda kuleta maji. Alikaa sana. Kayitesi alipomfuata alimkuta ameketi chini, kibuyu cha siagi cha zamani mikononi, kimekauka kabisa, naye analia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Hapo ndipo alipoeleza habari ya ule uji. "Aliniuliza," alisema. "Aliniuliza, mimi nikanyamaza. Muntu wa miaka thelathini na moja. Neno moja tu, nikamunyima."

Kayitesi aliketi chini kando yake.

Mama alijipangusa, akatoka, akamwambia Geneviève, "Ungoje mpaka siku ya posho."

Jumamosi hiyo tulikaa. Sebarenzi alisalisha, kwa ufupi, Mungu ambariki. Kulikuwa na pombe ya ndizi chupa nne na maharage, si kilio cha mtu mkubwa, lakini kila tulichokuwa nacho kilikuwa hapo. Athanase na Michel walichimba shimo. Plastiki ilikuwa imeshikilia. Baiskeli ya kijani ilitoka na udongo kidogo tu kwenye usukani, na sanduku lako, na kopo. Chupa ya siagi ilikuwa imepasuka, mchwa wamemaliza.

Athanase alichukua spana yako kubwa, ile uliyoifunga mpini kwa mpira, akaiinua mbele ya watu. "Valens amelala. Spana yake iamuke. Nani anaikamata?" Alikuwa ameanza kumgeukia Michel, mkono umekwisha kunyooka.

"Nipatie mimi," Mama alisema.

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Athanase alishusha mkono. "Mama Prince, wewe uko mwanamuke."

"Na hiyo siagi ilikuwa ya nani?"

Michel, ambaye ni mtu mwema, alicheka kidogo na kurudi nyuma hatua moja. Athanase alimtazama Mama, tukaona anapigana na miaka yake yote, halafu akaishika spana kwa mikono miwili kama inavyotakiwa na kuiweka katika mikono yake. Mama hakutabasamu. Alisema asante, akauliza kigoda chake kiko wapi.

Tusikudanganye, Papa, mambo hayakwenda vizuri. Alimweka Kayitesi kwenye kigoda cha mwenye kupokeza, yeye akakaa mahali pako. "Ya ndani. Ya inje." Gurudumu la kwanza lilitoka limepinda hata Geneviève akaangalia pembeni kwa adabu. Akalibomoa. La pili lilikaa vizuri mchana kutwa wa Jumapili, kisha spoki mbili zikaruka. Mama aliweka spana chini akasema kwamba yeye ni bibi wa maharage, kwamba magoti yanamuuma, kwamba wewe ulijifia ukamwachia uchafu wako. Alikutukana kidogo. Tulimwacha akutukane, alikuwa na haki ya mwaka mzima.

Halafu akasema, "Nilikosa. Ile ya pili haikuwe ya ndani." Akabomoa tena.

Jumatatu, jua likiwa juu, alimaliza la tatu. Aliligonga kwa kucha, spoki moja moja, zote ishirini na nane. Alikuwa anagonga yeye na kusikiliza yeye. Mara mbili tulimwona anainua kidole kidogo hewani, kwa mazoea, kumwonyesha mtu asiyekuwapo, kisha anarudi mwenyewe kuikaza hiyo spoki. Watu wote uani walijua sasa lile sikio lilikuwa la nani. Hatukuona haja ya kusema, nawe hukupungukiwa kitu.

Ilibaki kitovu. Sebarenzi ana ng'ombe mmoja aliyesalia, na tangu Jumamosi mkewe alikuwa ameleta siagi ndani ya jani la mgomba. Mama aliiyeyusha mwenyewe, akaichuja kwa kitambaa, akatia nta. Alipanga gololi juu ya bati, akazihesabu kwa midomo. Akachovya kidole kwenye siagi, na kabla ya kukipeleka kwenye chuma akakipeleka mdomoni, akaonja kwa ncha ya ulimi.

Akakaa hivyo, kidole hewani. Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake na hakuna aliyewafukuza. Geneviève hakujua tunangoja nini, lakini naye alisogea karibu.

"Haiko na chumvi, Papa Prince," Mama alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, ile ya kutoka kisimani, ili ifike Sake.

Kisha akapaka gololi, akafunga kitovu, akalizungusha gurudumu. Halikutoa sauti.

Geneviève aliondoka asubuhi yake, gunia lake tupu limekunjwa kikapuni. Alishuka mpaka barabarani akikanyaga breki kwa kisigino kama ulivyowafundisha wote, pikipiki ikimngoja chini kwa safari ya mbali. Tulisimama kwenye ukingo tukimtazama. Mbwa mmoja, wa Sebarenzi, alitoka kwenye mihogo akaanza kumfuata. Mama alimwona. Alishika tumbo akacheka, halafu akasema amechoka, akaingia ndani akalala usingizi mpaka alasiri, kitu ambacho hakukifanya tangu tukuzike.

Hatuna habari nyingine nzuri ya kukupa. Mabati bado. Barabara unaijua. Prince hajarudi. Zile fremu sita hazikukatwa, zimeegemea kibanda, na Falone wa ng'ambo ya bonde amekwisha kuja kuuliza moja itakuwa tayari lini. Mama amemwambia wakati wa kuvuna.

Wanaokukumbuka ni mke wako Epiphanie, aliyekwisha kukujibu, watoto wako Prince aliye Walikale na Kayitesi wa Kingi, ndugu yako Athanase, anayeomba umsamehe kicheko chake, Sebarenzi aliyekunjwa, Geneviève wa Pinga na wazazi wa vijiji sita ambao hawakukuona kamwe.

Ulale, Papa Valens. Kila gurudumu dogo linalopita kimya katika milima hii litakutaja, na sisi hatutachoka kukukumbuka, ingawa mengine yote yametuchosha.